Kipimo ni cha Nani?

Kumi la mwisho la Ramadhani, mitaa ya Ng'ambo mjini Unguja hunukia iliki na samli kuanzia baada ya tarawehe mpaka karibu na daku. Huku wanaoka mikate ya mayai na vileja, kule wanakaanga visheti na kuvitia shira. Sahani zinavuka uchochoro zikiwa zimefunikwa, na sahani ya jirani hairudishwi tupu. Humo katika kupelekeana ndimo linamozaliwa ombi dogo ambalo nimeliona likitia ufa katika ushoga wa muda mrefu: "Shoga, nipe kipimo chake."

Zamani ombi hili lilikuwa jepesi. Siku hizi wanawake wengi wamegeuza jiko la nyumbani kuwa kazi. Mikate ya oda na keki za harusi ndizo zinazolipa umeme na kununua sare za skuli, kwa hiyo anayeomba kipimo anagusa riziki ya mtu, pengine bila ya kujua. Nalichukulia suala hili kwa uzito. Mapishi yanayofichwa mno huzikwa na mwenyewe, na mpishi anayegawa kila kitu naye anaweza kulala njaa. Nimeziweka hapa sauti tano za barazani: jirani anayeomba, muuzaji anayeombwa, bibi aliyewaona wote wawili wakikua, mwalimu wa upishi, na binti anayesomea sheria, ambaye muuzaji ni mama yake mdogo. Pale nitakaposhindwa kunyamaza, nitaingia.

JIRANI: Naanza mie, kwa kuwa mie ndiye mwenye dukuduku. Nililetewa mkate wa kumimina, mlaini, umeumuka vizuri, una vitundu kila mahali. Nikauliza umepikwaje. Nikajibiwa, "Tia kama watu wanavyotia." Watu gani? Mchele umerowekwa muda gani, tui zito au jepesi, hamira inatiwa wakati wa kusaga au baadaye? Kama hutaki kunambia, nambie kuwa hutaki. Wahenga wamesema kizuri kula na nduguyo.

MUUZAJI: Kula, shoga, na nilikuletea ule. Lakini kizuri hicho mie nakiuza. Mwanzo nilikuwa nampa kipimo kila aliyeniuliza, na nikiona raha kuulizwa. Kisha mmoja niliyemfunza mpaka namna ya kupalia moto juu ya sufuria akaanza kupokea oda za wateja wangu, kwa bei ya chini, kwa sababu anapunguza mayai na samli. Watu wakila wake wanasema mikate ya mtaa huu imeharibika. Nikapoteza wateja, na jina likaharibika. Trei ya mayai nainunua, gesi naijaza, usiku silali. Jiko hili ndilo duka langu, na hakuna mwenye duka anayempa jirani ufunguo kwa sababu wanapendana.

BIBI: Huo ufunguo, mwanangu, weye alikupa nani?

MUUZAJI: Mama, Mungu amrehemu.

BIBI: Na mama yako alifunzwa uani kwetu. Wakati huo oveni hatuna. Sufuria juu ya jiko la makaa, kifuniko cha bati, makaa mengine juu yake, na moto wa juu uwe mkali kuliko wa chini. Wa kwanza aliuunguza, tukakwangua weusi, tukala. Hakuna aliyemwandikia kitu. Alikaa, akatizama, akapewa bakuli apige. Mkate wa mayai hautiwi hamira wala kitu chengine cha kuumua. Pumzi yake yote ni kule kupiga mayai na sukari mpaka vigeuke vyeupe na vizito, ukiinua mchapo ule uzi unaodondoka usimame juu kidogo kabla ya kuzama. Unga unatiwa mwisho, kidogo kidogo, na hapo hupigi tena, unachanganya kwa upole. Tulikuwa tunapiga kwa mkono. Mmoja akichoka, mwengine anapokea. Ilikuwa kazi ya watu watatu. Siri utaiweka wapi katika kazi ya watu watatu?

MUUZAJI: Leo napiga peke yangu kwa mashine, bibi. Ile mikono mitatu haipo.

Nimelifikiria sana jibu hili. Tunapenda kusema kwamba watu wa zamani walikuwa na roho nzuri na wa leo wamekuwa wachoyo, lakini muuzaji ametaja sababu iliyo karibu zaidi. Kipimo kilienea kwa sababu kazi yenyewe ilihitaji watu: aliyepokea bakuli alikuwa amekwishaona mayai mangapi yamevunjwa, na aliyekuja kusaidia kusaga mchele alijua umerowekwa tangu lini. Kujifunza hakukuwa tukio la kuombwa wala la kukataliwa. Mashine ya kupigia mayai na blenda zimempa mwanamke nafuu kubwa, na simwombi mtu yeyote arudi kwenye maumivu ya bega. Lakini zimempa pia mlango wa kufunga. Aliyekuwa anajifunza kwa kushika bakuli sasa analazimika kuuliza kwa mdomo, na anayeulizwa kwa mdomo anaweza kukataa.

JIRANI: Anayekataa nafuu. Wapo wanaokupa, wakakubakishia kimoja. Mie nilishapewa kipimo cha keki, nikapima kila kitu nilichoambiwa, ikatoka nzito na kavu. Yule alinipunguzia.

MWALIMU: Ulipima kwa kikombe gani?

JIRANI: Kikombe cha chai, mwalimu. Kile cha nyumbani.

MWALIMU: Na yeye?

JIRANI: Chake.

MWALIMU: Basi usimtie hatiani kwanza. Vikombe maalumu vya kupimia huwa vya mililita 240 au 250, kwa kutegemea vimetengenezwa kwa ajili ya nchi gani. Vikombe vya chai vya nyumbani havina kanuni. Na hata kikombe kikiwa kimoja, unga uliochekechwa ukamiminwa polepole una kama gramu 120, na ule unaochotwa kwa kushindiliwa ndani ya mfuko unafika gramu 150. Keki ya vikombe sita inapishana kwa gramu 180. Hicho ni zaidi ya kikombe kizima cha unga kilichoingia bila ya mtu kukitia, na hakuna aliyedanganya. Ongeza mayai. Yai la kuku wa kienyeji ni dogo kuliko la kuku wa kisasa, mara nyingi kwa gramu kumi au zaidi. Ukitumia sita ya kienyeji mahali pa sita ya kisasa, umepunguza yai zima. Kisha ukaona mchanganyiko mzito, ukaukoroga kwa nguvu ulainike. Unga wa ngano ukishapata majimaji, kadiri unavyoukoroga ndivyo unavyojivuta kama wa chapati, na keki inakuwa ngumu. Oveni nayo: yako imeandikwa 180 na ya mwenzako 180, na pengine zote mbili hazifiki hapo.

BIBI: Sie hatukuwa na mizani, mwalimu, na mikate ilitoka.

MWALIMU: Kwa sababu kikombe kilikuwa kile kile, bibi, na jicho lililotizama lilikuwa la mtu aliyewahi kuuona ukiwa sawa. Kikombe kikihama nyumba, kipimo kimebadilika. Mie wanafunzi wangu nawaambia wanunue mizani, na wakimpa mtu kipimo wampe kwa gramu, kisha waongeze maneno: mchanganyiko uonekane vipi, usikike vipi, ufike wapi kwenye sufuria. Anayetaja vikombe peke yake ametoa nusu, hata awe na nia njema.

JIRANI: Kwa hiyo nimemnunia mtu bure?

MWALIMU: Huenda. Muulize kikombe chake.

BIBI: Mwalimu amesema kweli, lakini asiwasafishe wote. Wapo wanaopunguza kwa makusudi, nawajua na wengine tumewazika. Anakutajia vyote, anabakisha kimoja, ili mkate wako usifikie wake. Hilo ni baya kuliko kunyima.

Ni baya zaidi, na nataka niliseme kwa sauti yangu pia. Anayenyima anakuacha na hamu yako tu. Anayepunguza anakuharibia mayai, sukari, samli na gesi, halafu anakuachia shaka juu yako mwenyewe. Nimewasikia wanawake wakisema "mie sina mkono wa keki" na wameacha kabisa kuoka, na ukifuatilia unakuta walianza na kipimo chenye pengo. Mtu ameibiwa furaha ya maisha yake yote kwa ajili ya sifa ya sahani moja ya Iddi. Kama huwezi kutoa chote, sema huwezi. Jirani ataudhika wiki moja, kisha atasahau.

BINTI: Mama mdogo, kuna kitu kimoja ambacho huwezi kukificha hata kwa mteja, nacho ni kilichomo ndani. Mtu mwenye mzio wa karanga au lozi anaweza kubanwa pumzi kwa kipande kimoja, na wapo wanaokufa. Ukisaga korosho ukaichanganya na unga na kuifanya ndiyo siri yako, siku mtu akiuliza "kuna nini humu?" siri imekwisha hapo. Kiasi gani umetia, umechanganya lini, moto wa namna gani, hayo ni yako ukitaka.

MUUZAJI: Hilo sina ubishi nalo. Kilichomo nakisema hata sijaulizwa, maana wapo wasiokula mayai, na wapo wenye sukari.

BINTI: Na kisheria usijidanganye sana. Mkataba wa haki za ubunifu wa Shirika la Biashara Duniani, ule wa 1994, unalinda namna mtu alivyoeleza jambo, haulindi njia yenyewe ya kulifanya. Ukiandika kitabu cha mapishi, maneno yako hayanakiliwi bila ya ruhusa, lakini mtu akisoma akapika, amepika. Njia iliyobaki ni siri ya biashara, nayo ina masharti: iwe siri kweli, iwe na thamani kwa sababu ni siri, na mwenyewe awe amefanya juhudi ya kuilinda. Mkate wa mayai unapikwa Lamu, unapikwa Mombasa, unapikwa hapa. Hauwezi kuwa siri ya nyumba moja.

MUUZAJI: Na keki yangu ya tende na kahawa? Ile hakunifunza mtu. Nimeijaribu mpaka watoto wakachoka kula zilizoharibika.

BINTI: Hiyo ni habari nyengine. Hiyo ukisema hutoi, nitakutetea.

JIRANI: Na mie sikuomba ya tende. Niliomba mkate wa kumimina, ambao bibi yangu pia alikuwa akiupika, nami sikuwahi kukaa naye.

BINTI: Lakini nami niwape upande wa mama mdogo, maana anaonekana kama mchoyo na si mchoyo. Nimesoma kisa cha mtoto mmoja wa kisiwa cha Réunion, humu humu katika bahari yetu ya Hindi. Mvanila uliletwa pale kutoka Amerika, ukapandwa, ukatoa maua, lakini miaka inapita hauzai. Ua lake hufunguka kwa siku moja tu, na ndani lina kijiwamba kinachotenga upande wa kiume na wa kike. Mwaka 1841 mtoto wa miaka 12, mtumwa, jina lake Edmond, akachukua kijiti chembamba, akakiinua kile kijiwamba, akabonyeza kwa kidole gumba pande mbili zikutane. Ua likashika. Akapelekwa shamba kwa shamba akawafunze watumwa wenzake. Mabwana wa kisiwa wakatajirika, na vanila ikahamia Madagaska kwa njia ile ile. Utumwa ulipofutwa huko 1848 akapewa jina la pili, Albius. Mtaalamu mmoja wa mimea, Jean Michel Claude Richard, alijaribu kudai kwamba yeye ndiye aliyegundua. Edmond alikufa maskini mwaka 1880. Hadi leo mkulima wa vanila wa Uganda au wa Kagera anainua kile kijiwamba kama alivyofanya yule mtoto, ua moja moja.

MUUZAJI: Umeona sasa? Huyo alifunza watu wote.

BIBI: Alifunza kwa sababu hakuwa na hiari, mwanangu. Mtumwa hagawi, anachukuliwa. Usilinganishe na shoga yako aliyekuja na sahani mkononi. Na kosa lilikuwa wapi? Si kwamba watu walijua. Kama asingefunza, leo vanila ingekuwa haifiki huku. Kosa ni kwamba walipojua hawakumlipa, na mwengine akataka hata jina.

MUUZAJI: Ndilo ninaloliogopa, bibi. Yule niliyemfunza hakusema hata siku moja kuwa kafunzwa na mie.

Hapa ndipo mjadala huu unaponigusa zaidi. Nimewasikiliza wauzaji wengi wakieleza kinyongo chao, na mara chache sana huwa wanalalamika kwamba mtu amejua. Wanalalamika kwamba mtu amejua, akauza, akashusha ubora, na hakumtaja aliyemfunza. Hayo yana dawa isiyohitaji kufunga mlango. Mtu anayepeleka mkate kwa wageni na kusema "huu nimefunzwa na fulani wa nyumba ya pili" amelipa sehemu kubwa ya deni, na wageni wale kesho watamtafuta huyo fulani wakiwa na harusi.

Wala siri ya wazi siyo uadui. Katika mtaa wa Belém mjini Lisbon kuna duka linalouza vikeki vya mayai na maziwa tangu mwaka 1837, kwa kipimo kilichotoka katika nyumba ya watawa iliyokuwa jirani. Kipimo hicho ni siri mpaka leo, kinaandaliwa katika chumba kilichofungwa. Mji mzima unajua kuwa ni siri, na mji mzima unaoka vikeki vya aina hiyo kwa vipimo vingine na kwa jina jingine. Foleni ya duka lile haijapungua. Keki ya tende ya muuzaji wetu inaweza kukaa hivyo. Mkate wa kumimina hauwezi, na nitamwachia bibi aeleze sababu, maana yeye aliishi nayo.

BIBI: Mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, watu waliondoka hapa, na waliondoka kwa haraka. Wengine walikwenda Maskati, wengine Mombasa, wengine Dubai. Hawakuchukua sinia wala mbuzi ya nazi. Walichokuwa nacho ni kile walichokuwa wamekishika kwa mikono yao. Leo ukienda Maskati katika nyumba za watu wanaosema Kiswahili, utakuta vitumbua, utakuta mkate wa kumimina, na wanaoupika wengine hawajapata kuiona Unguja. Walipikiwa na mama zao, wakafunzwa. Sasa nikuulize, mwanangu. Wale waliokuwa hawamfunzi mtu, mikate yao iko wapi? Nilikula vileja vya bibi mmoja wa Mkunazini, vinayeyuka mdomoni, si samli peke yake, kulikuwa na kitu. Alikataa kumwambia hata mkwe wake. Navikumbuka, na siwezi kuvipika, na hakuna anayeweza.

MWALIMU: Marashi ya mawaridi, labda?

BIBI: Tulijaribu mawaridi. Sio.

MUUZAJI: Basi bibi, umenishinda kwenye mikate ya asili. Nitamfunza, na nitamfunza yote. Keki ya tende siitoi, shoga, na nakwambia uso kwa uso ili usije ukasema nimekutia maneno. Na siandiki. Utakuja jikoni kwangu, utapiga, utasaga, utaona unavyomiminwa kwenye sinia lililokwisha kupata moto, chini kushike kwanza ndipo uende kwenye oveni. Ukishaweza, ukitaka kuuza, uza. Lakini usipunguze mayai ukasema ni mkate wangu.

JIRANI: Nitasema umenifunza weye, na mayai sipunguzi. Nikulipe nini?

MUUZAJI: Lete mchele wako na nazi yako.

BINTI: Mama mdogo, unauza muda wako kama unavyouza keki. Wapo wanaotoza darasa la siku moja, na si vibaya. Kwa mgeni wa mbali, toza.

BIBI: Kwa jirani, hapana.

MUUZAJI: Kwa jirani, hapana. Ila bei, shoga. Usije ukashusha chini ya yangu.

BINTI: Bei ni yake. Hilo huwezi kumpangia.

MUUZAJI: Basi hilo tunalo bado, wala halitakwisha leo.

JIRANI: Tutaligombania nikishajua kupika. Mchele niroweke lini?

MUUZAJI: Leo usiku, uuache mpaka asubuhi, kisha yale maji uyamwage. Nazi ikune mwenyewe, tui la kwanza peke yake. Na uje na kikombe chako, mwalimu akipime.